Mwanya wa Kornelia

Katika picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni kwa akina Margwe, pale Gendabi, bwana harusi amefunga mdomo kama askari kwenye gwaride, na bibi harusi anacheka. Watu wa wakati ule hawakucheka kwenye picha. Kornelia alicheka kwa sababu Pascal alimnong'oneza neno ambalo hakumwambia mtu mwingine maisha yake yote. Na kwa kuwa alicheka, mwanya wake umebaki pale ukutani: ufa mwembamba katikati ya meno mawili ya mbele ya juu. Ni meno meupe, maana alizaliwa juu, upande wa Dongobesh, alikokunywa maji ya chemchemi.

Huku chini, upande wa Hanang, maji ya visima huwapa watoto meno ya kahawia tangu yanapoota. Pascal alikuwa nayo, ndugu zake walikuwa nayo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Sisi tumekunywa chai ya rangi tumboni mwa mama," Pascal alikuwa akimtania. "Wewe umekunywa maziwa."

Walipozaa, watoto wote watatu walichukua meno ya Margwe, ya kahawia na yaliyobanana hata uzi haupiti. Kornelia alikuwa akiwachungulia midomoni mmoja baada ya mwingine kila meno ya utotoni yalipong'oka na mapya kuchomoza, akitumaini. Mwanya ulibaki kwake peke yake.

Na mwanya ule ulikuwa na kazi. Pascal aliendesha kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, na nyakati za mavuno hakurudi kota, kwenye nyumba za wafanyakazi, kula mchana. Kornelia alimpelekea chakula mwenyewe, kande au ugali na maziwa ya mgando, akasimama pembeni ya ngano na kikapu chake. Shamba lile lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu akisimama upande huu haoni upande wa pili, anaona tu ngano ikipanda na kushuka mpaka miguuni mwa mlima. Kupunga kanga hakukusaidia kitu, kwa vumbi na makapi yaliyokuwa yakiruka. Kuita hakukusaidia, kwa ngurumo ya mashine.

Kwa hiyo alipiga mluzi. Alibana ncha ya ulimi nyuma ya mwanya, akapuliza, na sauti ikatoka nyembamba na kali kama ya ndege, ikapita juu ya ngano. Huko mbali kombaini ilinyamaza. Pascal alizima injini, akavua kofia, akateremka.

Mwanamke anayepiga mluzi, kwetu, hasifiwi. Na Kornelia hakuwa mwanamke wa ovyo. Alisoma kwa masista mpaka darasa la nane, alifundisha elimu ya watu wazima pale kota, alisoma masomo kanisani Jumapili, na alijua vizuri kwamba ukoo wa Margwe haukuwa tajiri ila haukuwa wa kusemwa sokoni. Nyumbani hakupiga mluzi hata kuita kuku. Ilikuwa pale tu, kwenye ukingo wa ngano, kwa mtu mmoja.

Pascal alikufa kwa homa ya ini, mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa. Shamba lilitoa jeneza na lori, wafanyakazi wenzake walichimba kaburi pale Gendabi nyuma ya nyumba ya baba yake, na matanga yalipokwisha Kornelia alirudisha ufunguo wa nyumba ya kota. Hakuna aliyemfukuza. Nyumba ile ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwepo tena. Alihamia Gendabi na watoto, jozi ya maksai na ile picha.

Siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo walimweka kitako. Lilikuwapo jambo la kale, mjane kubaki mikononi mwa mdogo wa marehemu, na ingawa wote pale walikuwa watu wa kanisani, mzee Tluway, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliona aliulize lipate kuulizwa. Tadeo, mdogo wake Pascal, alikuwa amekaa karibu na mlango akiangalia viatu vyake. Alikuwa bado hajaoa.

Kornelia alisimama. "Baba zangu, shikamooni. Nimewasikia. Mimi ni mke wa Pascal, na ndivyo nitakavyobaki. Tadeo ni shemeji yangu, nampenda kama shemeji. Msinitafutie jina jingine."

Wazee waliitikia kwa miguno. Tadeo alishusha pumzi hata ikasikika, na watu wakacheka kidogo, hata msibani. Jambo likaisha hapo, na kwa miaka iliyofuata hakuna mtu wa Gendabi aliyemtaja Kornelia kwa namna isiyofaa.

Kisha jino likaanza kuuma.

Lilikuwa jino la mbele la kulia, moja kati ya yale mawili ya mwanya. Nyuma yake, ambapo mtu hawezi kuona, paliingia tundu. Kwanza liliuma kwa baridi ya asubuhi tu, akivuta hewa. Baadaye kwa chai, baadaye hata kwa maji. Alilisukutulia maji ya chumvi. Aliliwekea karafuu. Jirani yake Gidahosh, mfugaji aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake karibu na shamba lake la mahindi, alimletea tumbaku ya kubana kwenye ufizi, akasimama kuangalia kama inafanya kazi.

"Mama Fabiola, sisi kwetu tunang'oa ya chini mawili tukiwa watoto," alimwambia, akifungua mdomo kumwonyesha pengo lake lililo safi kama mlango. "Tunamaliza mapema. Nyinyi mnasubiri mpaka meno yawaombe."

"Ya chini ningekupa yote, Gidahosh," Kornelia alisema kupitia tumbaku. "Tatizo ni la juu."

"Basi la juu nalo ling'oe. Jino ni jino."

Ndivyo alivyoambiwa na wengine pia. Alikwenda hospitali ya serikali, akapanga foleni, akafungua mdomo. Mganga alikuwa mtu mwema, aliyechoka. "Hapa tunang'oa, mama. Dawa ya kuziba hatujaiona siku nyingi. Hata ya ganzi leo ipo, kesho haipo. Ukitaka kuziba, nenda kwa daktari wa kulipia Arusha."

Kornelia aliuliza kwa watu wanaokwenda Arusha. Kilichotakiwa kule kilikuwa sawa na bei ya maksai mmoja, na maksai anayebaki peke yake hawezi kulima. Aliwaangalia wanyama wale wakicheua zizini, ambao Pascal aliwafundisha nira mwenyewe. Akafunga mlango wa zizi.

Kwa hiyo alijifunza kuishi na mkono mdomoni. Alicheka akiwa amejifunika kwa ncha ya kanga. Kanisani alisoma masomo kwa midomo iliyobanwa, na watu walidhani ni ukali wa ujane. Hakumweleza mtu kwamba angeweza kumaliza maumivu yale kwa asubuhi moja, bure, hospitalini, na kwamba hakutaka. Angemwambia nani? Kwamba jino likitoka mwanya hautakuwepo tena, litabaki pengo la mtu yeyote, na kwamba mahali pale palikuwa pa mtu aliyelala nyuma ya nyumba? Mwanamke mwenye mabinti wa kuoza hasemi mambo kama hayo. Jioni, akienda kufunga ndama, aligusa ufa ule kwa ncha ya ulimi, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango bado haujafungwa.

Tadeo alijua. Wakati wa uhai wa kaka yake alikuwa akiendesha trekta la kupokea ngano, sambamba na kombaini, na sasa kombaini ile ile alipewa yeye. Alikuja Gendabi Jumamosi moja, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbona umekonda? Shamba linakula watu siku hizi?"

"Shamba linakula mafuta tu, watu linawatemea mate." Alikaa kwenye kigoda, akakataa maziwa, halafu akayapokea. "Shemeji, wiki ijayo daktari wa meno anakuja zahanati ya shamba. Anatoka Arusha na mashine zake zote. Anaziba, hang'oi watu kwa koleo. Kwa wafanyakazi na wake zao na watoto ni bure."

"Mimi si mfanyakazi."

"Najua."

"Wala si mke wa mfanyakazi."

Tadeo alizungusha kikombe mikononi. "Ni jina tu, shemeji. Karani ni mgeni, hamjui mtu. Nitaandikisha mke wa Tadeo Margwe. Ukiitwa unaingia, unazibwa, unatoka. Margwe ni Margwe."

Kornelia alimtazama kwa namna iliyomfanya kijana wa miaka thelathini ajisikie yuko darasani.

"Nani alikwambia nahitaji jino hili sana hivyo?"

Tadeo alikiweka kikombe chini. "Nilikuwa kwenye trekta," alisema, bila kuinua macho. "Kaka alikuwa anazima injini. Nilisikia kilichomfanya azime."

Kornelia aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine hai aliyekumbuka sauti ile. Alipotoka alisema kwa kifupi, kama anayekubali kununua chumvi, "Niambie siku."

Siku hiyo alivaa gauni lake la Jumapili na kanga mbili. Tadeo alimwacha mlangoni mwa zahanati, akabaki nje na madereva wenzake. Lilikuwa benchi lile lile la miaka yote, limeng'arishwa na makalio ya watu. Kornelia alikuwa amelikalia na kila mtoto wake, na ujauzito wa kila mtoto. Wakati ule karani alikuwa akitoa kichwa dirishani na kuita, "Mke wa Pascal Margwe!" naye aliinuka jina likiwa bado halijamalizika. Alikuwa hajalisikia likiitwa hadharani tangu msiba. Kijijini alikuwa Mama Fabiola. Kanisani alikuwa Mama Kornelia. Kaburini hakuna anayeita.

"Mama Fabiola! Ni wewe kweli? Sogeeni jamani, huyu tulipakana ukuta kota." Alikuwa Ludovika, mke wa fundi wa karakana, mwenye shavu lililovimba upande mmoja na ulimi usiovimba kamwe. "Kaa hapa. Watoto wazima? Umekuja kumsindikiza nani?"

"Nimekuja kwa jino."

"Kwani wewe bado wanakutibu? Mwenzetu Verdiana, mumewe alipofariki tu, walimrudishia pale mlangoni. Walimwambia mfanyakazi wao amekwisha kupona."

Benchi lilicheka cheko la maumivu, kila mtu akishika upande wake.

"Tutaona," alisema Kornelia, na mkono ukapanda mdomoni wenyewe.

Nyuma ya mlango wa pili mashine ya daktari ililia kidogo, ikanyamaza. Mtu alitoka akijipapasa mdomo, jino lake likiwa mahali pake. Kornelia alimfuata kwa macho mpaka nje. Karani, kijana wa kutoka mkoa mwingine, alitoa kichwa.

"Mke wa Tadeo Margwe!"

Ludovika aligeuka mzima mzima. "Ee! Tadeo ameoa? Lini? Na sisi hatukunusa hata pilau? Bibi harusi asimame tumwone, asione haya, sote hapa tumeoza meno!"

Watu walianza kutazamana wakitafuta sura mpya. Kornelia hakutikisika. Kilikuwa kitu kidogo, kusimama. Angesimama, wangeshangaa, Ludovika angekosa neno kwa mara ya kwanza, na mlango ungefungwa nyuma yake. Angetoka na jino lake. Na kabla ya jua kuzama habari ingekuwa imefika Gendabi, kwamba yule aliyesimama mbele ya wazee na kukataa, alikubali kwenye benchi la zahanati. Lakini hilo, akijipima kwa haki, angeweza kulivumilia. Watu husema, wakachoka. Kilichomshikilia pale kilikuwa kingine. Alikuwa amesikiliza jina likiitwa, na miguu yake, iliyozoea kuinuka kwa mwito wa dirisha lile, haikulitambua.

"Mke wa Tadeo Margwe!" Karani aligonga dirisha kwa kalamu. "Yupo au hayupo?"

Aligusa mwanya kwa ulimi.

"Hayupo," alisema karani. "Anayefuata."

Ludovika aliingia zamu yake akimwambia, "Nishikie nafasi ya kukaa, nikitoka nitakuwa nimekufa." Alipotoka, nafasi ilikuwa tupu.

Tadeo alimwona akija, akawaacha wenzake na kuvua kofia. "Tayari, shemeji? Mbona mapema? Hawajakuita?"

"Wamemwita mtu mwingine."

Alielewa. Uso wake ulibadilika, akafungua mdomo kuomba radhi, na Kornelia akamzuia kwa kumwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. "Ulinitakia mema, Tadeo. Na siku moja karani ataita jina hilo na msichana wa watu atainuka kwa furaha kabla halijamalizika. Usimwekee mtu mwingine kwenye kiti chake."

Jino halikungoja. Usaha ulipanda, jicho likafumba, na mtoto wake mkubwa, Fabiola, akasema sasa basi, mama yake atakwenda kwa mjomba Nikolausi kule Dongobesh na kutoka hapo hospitali ya misheni, ambako ganzi haikosekani na anayeleta kidogo hafukuzwi. Kornelia hakubisha. Kulikuwa na lori lililokuwa likipita kandokando ya shamba la ngano kuelekea upande wa Mbulu, akapanda mbele na dereva.

Walipofika ukingoni mwa ngano alimwomba dereva asimame.

"Unajisikia vibaya, mama?"

"Dakika moja tu."

Yalikuwa mavuno. Alitembea mpaka ngano ilipoanzia, mahali ambapo kikapu kilikuwa kikiwekwa chini. Mbali kule kombaini ilikuwa ikila ngano na kuacha vumbi la rangi ya asali nyuma yake. Alijua ni nani anayeiendesha, na si huyo aliyemjia. Alifungua kanga mdomoni. Ufizi ulikuwa umevimba, ulimi ulipougusa macho yalijaa machozi, akaurudisha tena mahali pake, akabana, akapuliza.

Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili mluzi ulitoka, mwembamba, wenye kutetemeka kidogo mwishoni, ukapita juu ya ngano kama zamani.

Kombaini ilinyamaza.

Kimya kilikuja mpaka miguuni pake. Aliisikia ngano ikisuguana, na mlima ulikuwa pale pale, na kwa kitambo ambacho hakutaka kukipima, mtu alikuwa akivua kofia ili ateremke. Kisha vumbi likatua na akamwona Tadeo kwenye kiti, kofia kifuani. Hakuteremka. Hakupunga mkono. Alikaa tu na injini imezimwa, katikati ya saa za kazi, mpaka shemeji yake alipojifunga kanga, akageuka na kupanda lori.

"Mama," alisema dereva baada ya kwenda mwendo, akijitahidi kutocheka, "kumbe unajua kupiga mluzi!"

"Umesikia vibaya," alisema Kornelia. "Ni ndege."

Alilala kwa Nikolausi, kesho yake akawa misheni. Daktari alimwangalia na kutikisa kichwa. Mzizi umeoza, alisema, kungekuwa na la kufanya zamani kidogo, sasa litoke kabla halijaharibu na la jirani. Kornelia aliuliza mara moja tu kama hakuna njia nyingine. Hakuuliza tena. Alitumwa mapokezi kuandikwa, kisha angoje zamu ya sindano.

Aliyeandika alikuwa sista mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Jina, mama?"

"Mke wa Pascal Margwe."

"Mumeo anafanya kazi wapi?"

"Amefariki."

Sista aliinua kalamu. "Pole sana. Basi niandike jina lako mwenyewe. Hapa hatuulizi wa nani, tunatibu tu."

"Asante, sista. Lakini andika hivyo nilivyosema."

Sista alimtazama juu ya miwani. Kisha akaandika.

Benchi la misheni lilikuwa refu, limejaa watu wa Mbulu asiowajua, wanawake wenye watoto mgongoni na wazee wenye fimbo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango ulioonyesha uwanja na miti, akaweka mikono mapajani. Ulimi ulikwenda kwenye mwanya, ukakaa hapo.

"Mke wa Pascal Margwe."

Sauti ya sista haikuwa kubwa. Watu wa benchi walitazamana. Kornelia alisikia vizuri kabisa, kila herufi, na miguu yake ilikuwa tayari. Akaizuia. Alikaa akiangalia mlango ulio wazi na mwanga wa uwanjani, jina likiwa bado liko hewani, akingoja liitwe tena.

Sista alitoka mpaka kizingitini na kuita tena, kwa nguvu sasa, ili hata walioko nje wasikie. "Mke wa Pascal Margwe! Yupo?"

Kornelia aliinuka. Kanga iliteleza kutoka mdomoni ikaanguka begani, akaiacha huko.

"Nipo," alisema, na kila mtu kwenye benchi akauona mwanya wake.